Kamba Moja, Ndugu Wawili

Haya ni maneno niliyoyasema Mtongwe, Mombasa, alasiri tuliyokusanyika kumshukuru mzee wetu, baharia mstaafu. Nimeyaandika jinsi yalivyonitoka, isipokuwa pale nilipojirudia.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana asifiwe sana. Wazee wangu, mama zangu, maimamu na wachungaji wetu, chifu wetu, wanamaji wastaafu mliokuja na nishani zenu kifuani, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa mbele kwenye mkeka: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Babu ameniita kando kabla sijashika kipaza sauti, akaninong'oneza: "Mwanangu, leo maji yanajaa saa kumi na moja na robo. Usinifungie watoto hapa." Kwa hiyo sitarefusha. Lakini, Babu, niwie radhi. Miaka yote hii wewe ndiye uliyetuamrisha. Leo nipe nafasi kidogo nikuseme mbele za watu, nawe ukae kimya kwenye kiti hicho.

Kwanza jambo la jina. Nyote hapa mnalijua jina lake. Watoto humwita Babu, waendesha bodaboda wa stendi humwita Kepteni ingawa hakuwahi kuwa kepteni, na wazee wenzake wa barazani wana jina lao la ujana ambalo sisi wengine haturuhusiwi kulitamka. Mimi leo sitalitaja jina lake, wala halimo kwenye kile kitambaa kilichotundikwa pale, na hilo si kosa la mchoraji. Aliomba mwenyewe. Sababu nitaieleza nikifika mahali pake, kwa maana nikiisema sasa sauti itanikatika kabla sijaanza.

Alizaliwa Pemba, upande wa Wete. Baba yake alikuwa mvuvi wa dago. Watoto, dago ni kambi ya wavuvi. Upepo ukigeuka, watu hufungasha nyavu, sufuria na mchele, wakatweka tanga na kwenda kupiga kambi ufuo wa mbali, wakavua huko kwa miezi, kisha wakarudi kwao upepo ukiwaruhusu. Wapemba wamekuwa wakija dago pwani yetu hii tangu enzi za babu za babu zetu. Kusi huwaleta, kaskazi huwarudisha. Ndivyo alivyokuja yeye mwaka 1952, mtoto wa miaka 11, kwenye mashua ya baba yake, pamoja na kaka yake aliyemzidi miaka minne. Walipita Vanga, wakakaa Shimoni, wakasogea Gazi, mwisho wakafika hapa Mtongwe.

Nimewahi kumuuliza anakumbuka nini katika safari ile. Nilidhani ataniambia mawimbi, au pomboo, au taa za Mombasa usiku. Akaniambia anakumbuka kamba. Yeye alikuwa akisinzia ukingoni mwa mashua, baba ameshika usukani, hawezi kuuacha. Basi kaka yake akachukua kamba ya makumbi, akamfunga kiunoni, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe. Wakalala hivyo usiku mzima, mmoja akigeuka na mwingine anaamka. Naomba mwiweke kamba hiyo akilini, nitairudia.

Sasa wenye simu mzipumzishe kidogo mnisikilize, maana hili hata sisi walimu hatulifundishi inavyostahili. Mwaka huo wa 1952, ukanda huu wote wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa 1895, wakimlipa Sultani kodi kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, hapo mjini, mpaka Desemba 1963. Kwa hiyo mtoto yule aliondoka Wete chini ya bendera nyekundu, akashuka Mombasa chini ya bendera ile ile. Hakuna aliyemdai karatasi, wala yeye hakujua kama kuna karatasi. Alikuwa na miaka 22 pale alipoamka asubuhi moja akaambiwa Pemba ni nchi ya watu wengine. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar, na wao wakaona hakuna tena wa kumrudia. Baba yao alikuwa ameshazikwa hapa. Akawa mgeni akiwa amelala kwenye kitanda kile kile cha jana.

Nalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakilitumia neno "mgeni" kama jiwe. Kisimani, kwenye foleni ya maji, ugomvi ukizuka kidogo tu: "Rudini kwenu, nyinyi Wapemba." Nimelisikia hapa hapa Mtongwe, kwa watu ninaowaheshimu.

Babu alivaa sare kabla Kenya haijawa Kenya. Mwaka 1959 aliingia katika Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki. Makao yake yalikuwa hapa Mombasa, na vijana wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wengine walikuwa hawajawahi kuiona bahari hadi siku waliyoshuka kwenye treni. Na hapo ndipo alipojifunza jambo lililotufikia sisi sote.

Mkufunzi wao mmoja alikuwa amepoteza ndugu katika meli iliyoitwa Khedive Ismail. Meli hiyo iling'oa nanga hapo Kilindini Februari 1944, ikielekea Colombo. Ilibeba watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa bara na wa pwani. Walikuwemo pia wauguzi, wanawake. Tarehe 12 ya mwezi huo, katika Bahari ya Hindi karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga kwa torpido. Meli ile nzima haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Walikufa watu 1,297. Pale mjini tunapita Kilindini kila siku kwenda Liwatoni na Ganjoni, na sidhani kama kuna mtoto mmoja kati ya mia anayeijua habari hiyo.

Mkufunzi yule, anasema Babu, aliwapanga kwenye gati siku ya kwanza, wakiwa wamevaa sare mpya zilizopigwa pasi, akawasukuma majini mmoja mmoja. Wenzake waliojua kuogelea walikuwa wachache. Walipovutwa juu wakitapika maji ya chumvi, akawaambia maneno mawili: "Sare haielei." Kila mtoto aliyefundishwa na Babu anayajua maneno hayo mawili. Hebu semeni, watoto. (Wakasema. Walisema kwa sauti moja, na wanamaji wastaafu wakapiga makofi.)

Jeshi lile lilivunjwa mwaka 1962. Babu akafanya kibarua bandarini, akibeba magunia. Kisha Kenya ikaunda jeshi lake la wanamaji, Desemba 12, 1964, siku ya Jamhuri, na kambi yake ikawa hapa hapa Mtongwe, hatua chache kutoka kwenye kibanda alichokuwa akiishi. Walihitajika watu wanaojua bahari. Yeye alikuwa amekwisha kujiandikisha uraia, kwa sababu bosi mmoja bandarini alimsukuma aende mapema. Sheria ya wakati ule iliwapa nafasi waliokuwa wakiishi hapa wakati wa uhuru wajiandikishe, na nafasi hiyo ilikuwa na mwisho wake, miaka miwili tu. Karatasi ile anayo mpaka leo, ndani ya mkebe wa biskuti, imekunjwa mara nne na kuunganishwa kwa selotepu pale ilipokatika. Nimeishika kwa mikono yangu. Ni nyepesi sana.

Kaka yake hakuwahi. Alikuwa dagoni Vanga, samaki walikuwa wengi, akasema nitaandikisha nikirudi. Aliporudi muda ulikuwa umepita. Hakuona kama ni jambo kubwa. Mvuvi wa miaka ile alidaiwa kitambulisho na nani? Na papa?

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu alipewa jembe la baharini, akalilima miaka 22. Alifanya kazi chumba cha injini katika boti za doria zilizoletwa mwaka 1966, zile tatu za kwanza, Simba, Chui na Ndovu. Walizunguka kutoka Kiunga hadi Vanga, na miaka ile ya vita vya Shifta huko kaskazini hapakuwa mahali pa mchezo. Mwaka 1972, Luteni Kamanda Kimaro alipokabidhiwa jeshi hilo, Mkenya wa kwanza kuliongoza, Babu alikuwa amesimama kwenye gwaride, na mpaka leo akiisimulia siku hiyo hunyoosha mgongo bila kujijua. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na injini. Ndiyo maana mkiwa majini mnaambiwa mje upande wake wa kulia mkitaka kuita. Wengine mnadhani ni desturi ya jeshi. Ni sikio tu, watoto. Alilitoa kwa nchi hii.

Alistaafu mwaka 1987. Mtu mwingine angejenga, angenunua matatu, angekaa barazani acheze bao, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikwenda kwenye duka la Mhindi pale Likoni akaomba madumu matupu ya mafuta ya kupikia, yale ya lita 5, akaosha, akaziba vizibo kwa lami, akafunga kamba mawili mawili. Akaja msikitini akaja na kanisani, akasema: nileteeni watoto wenu maji yakijaa, jioni, nitawafundisha kuogelea. Ada ni moja: mtoto awe amekula.

Wavulana walikwenda wengi. Sisi wasichana ilikuwa kazi. Baba yangu alikataa kata kata. Ndipo marehemu mkewe Babu, Mungu amrehemu, alipokuja nyumbani kwetu na buibui lake, akakaa na mama jikoni, akasema: "Mimi nitakaa ufukweni na wasichana, saa kumi na mbili asubuhi, kabla wanaume hawajaamka. Bahari haichagui mtoto wa kiume." Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kiganja cha Babu chini ya kisogo changu, kigumu kama ubao wa mashua, na sauti yake: "Kichwa ndicho kizito, mwanangu. Kilegeze. Yape maji yakibebe." Nilikuwa nimekaza shingo kama mtu anayeogopa kukatwa. Alingoja. Sijui alingoja dakika ngapi. Jua lilikuwa linatoka upande wa Ras Serani, maji baridi yakinijaa masikioni, na ghafla nikajua kiganja hakipo. Kilikuwa kimeondoka zamani na mimi nilikuwa bado naelea.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza juzi nimejifunza wapi kufundisha. Nilimtajia chuo. Nilimdanganya.

Sasa nafika pale nilipowaambia nitafika.

Ijumaa, Aprili 29, 1994. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Waliokuwepo hawahitaji kuambiwa, na kuna nyumba hapa mtaani ambazo tarehe hiyo haitamkwi. Kivuko cha Mtongwe kilipakia watu kupita kiasi, wengi wao wakienda kazini kisiwani. Kilipinduka mita 40 hivi kutoka ufukweni. Kutoka hapa niliposimama hadi kwenye ule mwembe ni mita 40. Kati ya watu 400 hivi waliokuwemo, 272 walikufa.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Tulisikia kelele kwanza, tukadhani ni harusi.

Babu alikuwa na umri wa miaka 53, amestaafu. Kaka yake alikuwa ameketi kwenye mchanga anashona nyavu. Wakalisukuma dau majini wawili peke yao, dau ambalo siku nyingine husukumwa na watu wanne. Babu akajifunga kamba kiunoni, kamba ya makumbi. Kaka akaishika ncha ya pili, akaizungusha kwenye viganja. Babu akazama. Kamba ikitikiswa mara mbili, kaka anavuta. Ikitikiswa, anavuta. Wa kwanza walitoka hai. Baadaye walitoka wasio hai. Waliendelea hadi giza likaingia, na kesho yake wakarudi, na keshokutwa, wakiwa bega kwa bega na wanamaji na wapiga mbizi wengine waliokuwa wamefika.

Usiku ule wa kwanza kaka yake Babu aliletwa nyumbani kwetu, kwa sababu mama yangu alikuwa mkunga na watu walimjua kwa mambo ya vidonda. Nilishika taa ya chemli. Viganja vyake vilikuwa havina ngozi. Kamba ya makumbi ikilowa huwa kama msumeno, nayo ilikuwa imepita mikononi mwake tangu asubuhi. Mama alimpaka mafuta ya nazi, akapasua kanga yake akamfunga. Yule mzee hakulia wala hakusema. Alimuuliza mama jambo moja tu, kama kanga ile ilikuwa mpya, maana hakutaka kuiharibu.

Siku ya tatu alikuja mtu na daftari kuandika majina ya waliosaidia. Sitasema alitoka ofisi gani. Alimwandika Babu: jina, namba ya kitambulisho, kazi, "mwanajeshi mstaafu". Akamgeukia kaka. Kitambulisho? Hana. Namba yoyote? Hana. Umezaliwa wapi? Pemba. Basi, mzee, kaa pembeni kidogo. Daftari lilikuwa na safu ya namba, na safu ile haikukubali kuachwa tupu. Kaka yake akakaa pembeni, mikono imefungwa kanga ya mama yangu.

Babu akasema: "Basi na langu lifute."

Yule bwana alidhani ni mzaha. Babu akasimama pale pale mpaka kalamu ya buluu ilipopita juu ya jina lake, mstari mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha akaondoka na kaka yake kwenda kushona nyavu. Tangu siku hiyo, mtu akitaka kumuandika kwa sifa yoyote, jibu lake ni lile lile: "Kama la kaka halikuandikwa, na langu liacheni." Hiyo ndiyo sababu, ndugu zangu. Hilo ndilo pengo mnaloliona kwenye kitambaa pale.

Mimi nitasema lililo moyoni mwangu, na wazazi mnisamehe. Tulikosea. Nasema sisi, kwa sababu yule mwenye daftari hakuwa peke yake ufukweni. Watu wa mtaa walikuwepo. Walikuwepo waliorudishiwa watoto wao wakihema, kwa mikono ile ile iliyofungwa kanga. Hakuna aliyepaza sauti akasema: huyu ni wetu, muandike. Tulinyamaza kwa sababu karatasi ilikuwa imesema, na tulizoea kuiacha karatasi iseme kwa niaba yetu.

Miaka ikapita. Kaka akazeeka bila kitambulisho. Hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, alitumia ya jirani. Hakuweza kufungua akaunti. Wanawe walipofika miaka 18 walipelekwa huku na huku, wakahojiwa, wakaambiwa leteni cha baba, na baba hakuwa nacho. Mwaka 2016 tuliona Wamakonde wakitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, watu ambao wazazi wao waliletwa kwenye mashamba ya mkonge na hawakutambuliwa kwa miongo mingi, na wakapewa. Kaka yake Babu alifuatilia safari ile kwenye redio kila jioni, betri zikiisha anaazima. Akasema, sasa zamu yetu inakuja.

Ilikuja mwaka 2023, Serikali ilipowatambua rasmi Wapemba kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Yeye alikuwa amekwisha kuzikwa. Tulimzika hapa Mtongwe, na hata siku ya mazishi tuliulizwa kitambulisho cha marehemu.

Nikienda mjini matatu hupita Barabara ya Jomo Kenyatta, kwenye zile sanamu za shaba za askari Waafrika waliopigana Vita Vikuu vya Kwanza. Ziliwekwa mwaka 1927. Watu wamezizoea, wanauza njugu chini yake, wanangojea hapo wenzao. Kwa miaka mingi nilizipita bila kuzitazama. Siku moja nilishuka nikazizunguka kutafuta majina. Hakuna hata moja. Wamesifiwa wote kwa pamoja, askari na wale wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi mabegani kutoka hapa hadi Msumbiji na kufa njiani kwa maelfu kwa njaa na kuhara. Wengi wao hata hawakuwa wa Mombasa. Mji huu umelindwa na watu wa kutoka mbali tangu zamani. Wabaluchi walikuja kuwa askari wa Sultani kwenye Ngome, na wajukuu wao ni majirani zetu. Wanubi na Wanyasa walivaa sare ya KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Nani leo anajua alikolala hata mmoja wao?

Nilisimama pale nikamfikiria Babu na ombi lake. Nilikuja nikamwambia: Babu, wale hawakuandikwa kwa sababu hakuna aliyewajali, wewe unakataa kwa kupenda, huoni kama mwisho wake ni mmoja? Akanyamaza kwa muda mrefu, nikajuta kwa nini nilisema. Kisha akaniambia: "Wewe unayajua yote mawili, langu na lake. Wafundishe watoto. Mawili kwa pamoja, au lisifundishwe hata moja."

Kwa hiyo, watoto, kesho darasani nitawaambia majina mawili. Mtayaandika kwenye madaftari yenu, mstari mmoja, moja baada ya jingine. Huko hakuna safu ya namba.

Namalizia. Tulimuuliza Babu tumpe nini. Kamati ilikuwa imefikiria kiti kizuri cha kupumzikia, mtu mwingine akasema safari ya Umra, na kanisa likasema litachangia hilo pia, Mungu awabariki. Alikataa yote. Akaomba majaketi ya kuelea, saizi ya watoto, kwa sababu madumu yanaanza kupasuka. Tumechanga. Yapo 30, yale ya rangi ya chungwa, yamepangwa pale chini ya turubali. Shukrani kwa kila aliyetoa, hata aliyetoa shilingi 50, na wapo waliotoa shilingi 50 ambao najua walilala na njaa.

Na wanamaji wastaafu, naomba mwangalie kule nyuma kidogo, karibu na nguzo. Kijana yule mwenye shati la kijani ni mjukuu wa kaka yake Babu. Kitambulisho chake alikipata baada ya jamii kutambuliwa, na cheti chake cha KCSE, cha kumaliza sekondari, anacho. Usajili wa jeshi ukitangazwa tena atasimama kwenye mstari, na anataka wanamaji. Babu ndiye anayemfanyisha mazoezi. Hatuombi upendeleo. Nataka tu siku akiulizwa kwao ni wapi, akajibu Mtongwe, muwe mmewahi kumwona uso.

Babu, naona umeshaanza kutazama saa. Ni saa kumi na moja kasoro dakika tano. Nimekusema vya kutosha, na najua hukupenda nusu yake. Kijana, njoo umshike babu yako mkono wa kulia, mteremke naye. Watoto, kila mmoja achukue jaketi moja, mfunge kamba zote tatu, tumbo kwanza. Aliyekuwa hajala aseme sasa, mama zenu wamepika mahamri pale. Vueni viatu. Maji yamefika kwenye jiwe.